Direkta na Treni ya Samba

Katika watu wote niliowahi kuwapenda hapa Kasongo, hakuna aliyenichosha kama Direkta. Alikuwa mkuu wa shule ya msingi nilikofundisha darasa la tatu, kisha akastaafu akabaki jirani tu, ukuta kwa ukuta, lakini cheo hakikumtoka. Hata mkewe alimwita Direkta. Siku hizi likitajwa jina hilo, kwanza nasikia uchovu mabegani, na huruma huja baadaye.

Kwa watu wengine vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule, ni wakati wa kuvuna mpunga, kufyatua matofali na kuozesha mabinti. Kwa Direkta ilikuwa ni wakati wa kupanga safari. Mvua ikishaacha, na vumbi likaanza kukaa juu ya migomba, nilikuwa namsikia upande wa pili wa ukuta akimweleza mkewe upya, kana kwamba mama wa watu hajawahi kusikia. Wataondoka asubuhi, watashuka mpaka mtoni, watavuka Lualaba kwa kivuko. Kutoka hapo watakwenda Samba kungoja treni. Watashuka Kongolo wapumzike siku kadhaa kwa rafiki yake waliyesoma pamoja, kisha Kabalo, kisha Nyunzu, na mwisho Kalemie, ziwani, kwa dada mkubwa wa mkewe.

"Tutasafiri kama watu," alikuwa akimaliza hivyo kila mara. Mkewe aliitikia "ndiyo, Direkta," huku akitwanga majani ya sombe, na kinu hakikukosa pigo hata moja.

Hilo neno, kama watu, lilikuwa na kisa chake. Siku Direkta alipomleta mkewe Kasongo akiwa bibi harusi, hapakuwa na treni wiki ile, basi alimpandisha juu ya lori la saruji. Mama wa watu alifika mjini mweupe kuanzia kope mpaka kucha, watoto wakamkimbia wakidhani ni mzimu. Mashangazi wa Direkta walimwogesha mara mbili kabla ya kumtambulisha kwa wageni. Yeye mwenyewe alikisimulia kisa hicho kwa kicheko, harusini na msibani. Direkta hakucheka hata siku moja. Alikuwa amemwahidi mbele ya dada yake kwamba safari ya kurudi kusalimia atamketisha kwenye kiti, karibu na dirisha, na ahadi hiyo ikamkaa kooni maisha yake yote.

Kwa hiyo pikipiki hakuitaka hata kuisikia. Na huku kwetu, anayekataa pikipiki amekataa safari. Kwenda Kabambare ni pikipiki, kwenda Salamabila kwa wachimba dhahabu ni pikipiki, maiti husafiri kwa pikipiki, amefungwa ubao mgongoni akae wima. Direkta aliwatazama vijana wa pikipiki pale sokoni kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi waliochelewa. "Mimi sipande kitu yenye haina ukuta," aliniambia. Nikamjibu kwamba hata kivuko cha Lualaba hakina ukuta. Akasema kivuko kina kapiteni.

Nisije nikaonekana namsema vibaya mtu asiyekuwepo. Shuleni alikuwa mtu wa kazi. Kengele ilipigwa kwa wakati, na mwalimu aliyefika baada yake alimkuta amesimama mlangoni pa darasa lake, anawafundisha watoto wake, hasemi neno. Aibu hiyo niliionja, sitaki kuionja tena. Watoto aliwaimbisha majina ya vituo vya reli, Kindu, Kibombo, Samba, Kongolo, mpaka Kalemie, na wengi wao hawakuwa wameona hata nati ya reli. Lakini mtu huyuhuyu, asiyekusamehe robo saa, aliisamehe treni miezi. Hilo sikulielewa wakati ule na sidhani nalielewa sasa. Ukichelewa wewe ni mvivu. Ikichelewa treni, ina sababu zake.

Alikuwa na binamu yake pale Samba, karibu na stesheni, aliyempigia simu kumpa habari. Habari zenyewe zilikuwa za aina moja. Treni imeonekana Kongolo. Treni imeharibika njiani. Treni imepita ya mizigo, ya watu inakuja. Direkta alizipokea amesimama katikati ya uwanja, mkono mmoja kiunoni, anaitikia kwa heshima kama anaongea na mkaguzi. Akikata simu alitangaza kwa yeyote aliyekuwa karibu: "Iko njiani." Nami nikiwa na madaftari ya watoto mapajani nilimjibu "Mungu asaidie," bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimechoka kuinua kichwa.

Kilichonikera zaidi ni hiki: kadiri treni ilivyochelewa, ndivyo safari ilivyorefuka. Mwanzo ilikuwa ni kwenda Kalemie na kurudi. Mwaka mwingine akaongeza kwamba wakishafika Kalemie itakuwa haramu kuyaona maji yale na kuyaacha, basi watapanda meli mpaka Kigoma. Kigoma wameshafika, Ujiji iko pale pale, na wazee wa mji huu wa Kasongo walipita Ujiji wakija, lazima akaswali msikitini kwao. Mwaka uliofuata akaweka Uvira wakati wa kurudi. Nilimuuliza kwa nini asiende kwanza Kalemie tu, kwa shemeji yake, hiyo miji mingine ikamngoja. Akasema safari ndefu hivyo mtu haipati mara mbili katika maisha, sharti aipange vizuri. Mimi nikaona mtu anashona kanzu pana zaidi kila Idi na kitambaa hakijafika.

Mkewe hakuwa na shida na Ujiji wala Uvira. Yeye alimtaka dada yake. Walikuwa hawajaonana tangu kabla ya vita, na sasa huyo dada, aliyemwita yaya, alikuwa anapoteza macho. Walizungumza kwenye simu kila ilipopatikana mtandao, simu ndogo ya vitufe, sauti imefunguliwa wote tusikie. Nilikuwepo siku moja nikiwa nimekuja kuomba mwiko. Sauti ya mama mzee ikatoka ndani ya kile kidude: "Njoo nikuone. Macho yangu iko naisha. Sitaki sauti, sauti niko nayo kila siku. Nataka sura." Kijana mmoja wa kule alikuwa ameshamwonyesha picha ya mdogo wake kwenye simu kubwa, lakini yaya alisema aliona kivuli tu na kitambaa cha kichwani.

Mkewe alizima simu akaiweka juu ya meza. Direkta akasema, "Kiangazi hiki, Mungu akipenda." Na kweli alikusudia. Hapo ndipo ugumu ulipo kwangu ninapomkumbuka: hakuwa mwongo.

Kiangazi hicho binamu wa Samba alisema treni ya watu imeondoka Kindu, tena kwa uhakika. Direkta akafanya kosa ambalo mtu wa Kasongo tu ndiye anaweza kulifanya: akaaga. Huku kwetu msafiri haondoki kimyakimya. Anazunguka nyumba kwa nyumba, anaomba radhi kwa aliyemkosea na asiyemkosea, na watu wanamsomea dua, wanampa na vya kupeleka. Mtu akishasomewa dua hiyo, kurudi nyumbani bila kusafiri ni nuksi, na ni aibu pia, maana kila kona ataulizwa. Mwenye akili huuliza treni kwanza, halafu ndipo anaaga. Direkta aliaga kwanza. Alizunguka mtaa wote na kanzu yake nyeupe, mkewe nyuma yake, na waliporudi walikuwa na gunia la mchele la mtu wa Kalemie, galoni za mawese, karanga, na jogoo mwekundu wa kupelekwa kwa mjomba wa mtu fulani Kongolo. Mimi niliwapa kitenge kwa ajili ya yaya. Tulisoma dua uwanjani. Watu walilia kidogo, jinsi inavyotakiwa.

Wakaondoka. Baada ya siku chache, jioni, watu wakitoka kuswali magharibi, nilisikia mlango wa nyuma wa jirani ukifunguliwa taratibu. Asubuhi yake jogoo akawika.

Akawika ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Mtaa mzima ulimsikia. Muuza mkate alisimama, akaitazama nyumba, akanitazama mimi, kisha akaendelea na njia yake. Sheikh wa mtaa alipita, jogoo akawika tena, sheikh akakohoa kwa nguvu ili asisikie. Hakuna aliyekaa kikao, hakuna aliyesema neno, lakini siku ile tuliamua sote kwamba Direkta yuko safarini. Watoto walipouliza, mama zao waliwapiga makofi mepesi ya kichwa.

Siku ya pili, mkewe aliniita kupitia tundu la ukuta, pale tofali lilipodondoka.

"Mama Mwalimu, uko hapo?"

"Niko. Na weye uko wapi?"

"Niko Kongolo," akasema, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Unisaidie chumvi. Na usiseme kwa mutu."

Nikampitishia chumvi, baadaye makaa, baadaye sabuni. Kila siku tulizungumza kidogo pale tunduni, yeye amechuchumaa upande wake, mimi nimechuchumaa wangu, magoti yananiuma. Alisema walingoja Samba mpaka binamu akaona haya kuwatazama. Alisema Direkta amekaa chumbani amegeukia ukuta, hata chakula anapokea bila kugeuka. Jogoo hawawezi kumchinja kwa sababu ni amana.

"Yaya anasema jicho moja imefunga," aliniambia siku moja. "Ya pili iko naona kama moshi."

"Sasa pandeni pikipiki! Njia ya Kabambare watu wanapita kila siku."

"Direkta anaogopa. Anasema njiani kuna watu ya bunduki. Na ni kweli, wako. Lakini si ile tu. Anataka nikae kwa dirisha."

"Na weye unataka dirisha?"

"Mimi nilikuwa nimesahau mambo ya ile saruji," akasema. "Ni yeye hajasahau."

Siku watu waliposhakubaliana kimoyomoyo kwamba msafiri ametosha kukaa, Direkta alitoka kwa mlango wa mbele amebeba valizi yake ya safari. Ilikuwa valizi ngumu ya rangi ya kahawa, hakumwazima mtu hata siku moja. Tukampokea. Sheikh akamuuliza habari za njiani. Direkta akasema njia ni ndefu. Kila mmoja alimpa pole ya uchovu wa safari na alizipokea zote ameinamisha macho. Alikuwa amekonda kweli, kuliko mtu aliyetoka safari. Usiku wa pole hizo nililia peke yangu, na sikuwa najua namlilia nani kati yao wawili.

Ungedhani hapo angekoma. Kiangazi kilichofuata nikasikia tena upande wa pili wa ukuta: kivuko, Samba, Kongolo. Ila safari hii kinu kilisimama. Mkewe hakuitikia "ndiyo, Direkta." Direkta akaendelea mpaka Ujiji peke yake.

Asubuhi moja ya juma lile mkewe alikuja kwangu amevaa sweta juu ya kitenge na amejifunga kitambaa mpaka puani. Mtoto wa kaka yake, mtu mzima anayeuza nguo Salamabila, alikuwa nje na pikipiki inanguruma. Atampeleka mpaka Kabambare, na kule atamtafutia dereva wanayemwamini wa kumshusha mpaka ziwani.

"Nimekuja kukuaga weye moja tu," alisema. "Direkta iko anaoga. Umuambie nikishafika mbali."

"Nimuambie nini?"

Aliniangalia kwa uchovu ambao niliujua, kwa sababu ulikuwa wangu pia. "Umuambie sikukasirika. Umuambie treni yake ni muzuri. Lakini yaya anataka sura, na sura iko hapa kwangu, haiko kwa treni."

Nilimpitia Direkta kabla ya adhuhuri. Nilimkuta uwanjani anapiga msasa kutu ya kitasa cha valizi. Nikamwambia yote, kama nilivyoambiwa. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Na pikipiki?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na valizi?" Nikasema ameacha, amebeba mfuko. Akatazama ile valizi kama mtu anayeitafutia jina.

"Hakuona Kongolo hata siku moja," alisema. "Ile daraja ya Kongolo. Nilitaka tupite asubuhi."

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nilikuwa na maneno ya miaka mingi, yamepangwa vizuri. Badala yake nilimpikia bukari, ugali wa huku kwetu, nikamwachia mezani, nikarudi kusahihisha madaftari.

Baada ya hapo alikuwa jirani mwingine. Hakuzungumza juu ya safari. Binamu wa Samba akipiga simu aliitikia akiwa amekaa, na akikata hakutangaza kitu. Mkewe alifika salama, hilo tulilijua kwa simu, lakini alizungumza kwa ufupi, na nilipomuuliza habari za macho ya yaya alisema mtandao mbaya. Mvua zikarudi, shule ikafunguliwa. Siku moja nilipotoka darasani nilikuta nyumba ya jirani imefungwa kufuli kwa nje, na hakuna mtu mtaani aliyeagwa.

Nilimwona tena Kabambare. Nilikuwa nimekwenda kwa matanga ya wifi yangu, mdogo wa mume wangu, na siku ya kurudi nilikaa pale pikipiki zinapongojea abiria, karibu na banda la chai. Alikuwepo mzee mmoja amekaa kwenye benchi, suruali imekunjwa mpaka magotini, nyusi zimejaa vumbi, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Sikumtambua mpaka alipoiinua ile shingo yake ya kikaguzi.

"Mama Mwalimu," akasema. "Karibu chai."

Nikakaa. Alinukia petroli. Alisema anatoka Kalemie, ameanguka mara mbili njiani, mara moja ndani ya maji. Alilisema bila kulalamika. Nikamuuliza mama, mkewe, yuko wapi. Akasema amebaki kule, hawezi kumwacha yaya, anahitaji mtu wa kumshika mkono.

"Kwa hiyo aliwahi," nikasema. "Alimkuta muzima."

"Muzima, ndiyo."

"Na macho?"

Aliweka kikombe chini ya benchi, taratibu, kisha akaweka mikono juu ya magoti.

"Ilikuwa imeisha," alisema. "Yote mbili. Haikuwa imepita miezi mingi tangu ya mwisho ifunge, na mama akafika. Mama aliniambia mwenyewe, nilipofika. Yaya alimuketisha karibu, akamushika uso. Polepole. Paji, mashavu, mudomo, tena paji. Akakawia sana. Halafu akasema: huu uso ni ya mama yetu. Ya kwako sikuiona."

Dereva mmoja alikuwa anaita abiria wa Salamabila. Nilitafuta la kumwambia, nikapata lile ambalo watu wote hulipata.

"Ni mipango ya Mungu, Direkta."

"Apana," akasema. "Mungu hakunikataza kupanda pikipiki."

Hakulia. Alikunja suruali vizuri zaidi, mguu mmoja kisha mwingine. Alisema anarudi Kasongo kuchukua vyombo vya mkewe na kumkabidhi mtu nyumba, na kama nataka ule upande wa ukuta wenye kivuli ni wangu, nioteshe mboga. Halafu atarudi Kalemie, kwa njia hiyohiyo. Mkewe hakumwita, alisema, ila hakumfukuza, na yaya anapenda kusomewa.

Dereva wake alikuja akapiga kiti kofi kuondoa vumbi. Direkta akapanda nyuma yake kwa shida, akamkumbatia kiunoni. Mdomo wangu ulikuwa umezoea miaka yote ile, ukauliza wenyewe:

"Na treni ikikuja, Direkta?"

Aligeuka kunitazama.

"Ikuje," alisema, na pikipiki ikaondoka.